Usafiri wa haraka kwa wachezaji wapya: mwongozo kwa anayeendesha seva ya kujenga mji

Mwongozo huu ni wako wewe unayeendesha seva ya Minecraft ambako watu wanajenga mji mmoja kwa pamoja: mitaa, soko, ofisi ya mji, bandari, na kila mchezaji na kiwanja chake. Mji ukishakua, anayeingia leo anakuta viwanja vya katikati vimekwisha na kilichobaki wazi kiko pembezoni kabisa. Hapo ndipo wenye seva wanapokimbilia kuweka vituo vya kuhama papo hapo kila kona, kisha wanashangaa mbona wageni wanaingia mara moja tu na hawaonekani tena.

Umbali ndio unaolalamikiwa, lakini kinachomchosha mgeni hasa ni kutojua alipo. Mrushe mara nne ndani ya dakika kumi, atakuwa ameona sehemu nne zisizohusiana, na mji wenyewe hajauona. Ndiyo maana ninashikilia utaratibu mmoja: mgeni apewe kwanza njia ya haraka ya kurudi, na njia za haraka za kwenda zimfungukie kadiri anavyofika mahali kwa miguu yake. Yote yaliyo hapa chini yanatokana na hilo.

Namba na amri nilizotumia ni za toleo la Minecraft liitwalo Java, kuanzia 1.13. Toleo jingine, Bedrock, lina tofauti zake. Na kama mchezo wako ni wa kuutazama mji kutoka angani, mfano wa SimCity au Cities: Skylines, acha kusoma, huko hakuna mtu wa kusafirisha, unasogeza kamera tu.

Hatua ya 1: Pima mji kwa dakika

Mjenzi anahesabu bloku (michemraba ambayo dunia ya Minecraft imejengwa kwayo), mgeni anahesabu muda. Kutembea ni kama bloku 4.3 kwa sekunde, kukimbia ni kama 5.6. Usipige hesabu kwa kasi ya kukimbia. Mgeni hana chakula cha maana, na ukanda wa chakula ukishuka hadi mapaja matatu mchezo unamkatalia kukimbia.

Chukua sehemu ambazo mgeni lazima azifikie siku ya kwanza (kwa kawaida hazizidi tatu au nne), pima umbali wake kutoka uwanja wa kuanzia, gawa kwa 4.3. Bloku 250 ni dakika moja kasoro kidogo. Bloku 600 ni dakika mbili na sekunde ishirini. Bloku 1,200 zinakaribia dakika tano, na hapo hajapotea hata mara moja.

Mgawanyo wangu ni huu: safari isiyofika dakika moja na nusu ipewe barabara nzuri na vibao, basi. Kuanzia hapo hadi dakika tatu, reli. Zaidi ya dakika tatu ndipo uanze kufikiria malango ya Nether (dunia ya pili ya mchezo, yenye lava, inayofupisha safari) na kuhama papo hapo. Unaweza kusogeza mipaka hiyo utakavyo, ila uwe nayo. Seva isiyo na mipaka huishia kuwa na kituo mbele ya kila duka la rafiki wa msimamizi.

Hatua ya 2: Tengeneza kurudi kwanza

Kuna vitu viwili, na kimoja hakihitaji programu-jalizi yoyote (nyongeza inayowekwa kwenye seva).

Cha kwanza ni dira. Dira ya kawaida katika Minecraft huelekeza sehemu ya kuanzia ya dunia. Simama katikati ya uwanja mkuu wa mji wako, andika `/setworldspawn`, halafu weka dira kwenye vifaa anavyopewa kila anayeingia mara ya kwanza. Sasa mtu aliyepotea msituni ana mshale mkononi unaomrudisha mjini, na anaporudi anapita kwenye mitaa. Anarudi huku akijifunza. Wasimamizi wengi hukidharau kifaa hiki kwa sababu ni cha bei rahisi, wakati hakuna amri inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko chenyewe.

Cha pili ni amri ya nyumbani. Ukitumia programu-jalizi ya EssentialsX, mchezaji huandika `/sethome` kwenye kiwanja chake, na baadaye `/home` inamrudisha. Kosa linalofanywa na seva nyingi ni kumwachia mgeni agundue amri hiyo mwenyewe. Atakayemkabidhi kiwanja asiondoke hapo kabla mgeni hajaandika `/sethome` mbele yake. Sekunde kumi hizo zinaokoa saa nzima ya kuuliza kwenye chati "jamani, kiwanja changu kiko wapi?"

Kama wachezaji wako wanazungumza Kiswahili, zipe amri majina ya Kiswahili. Kwenye faili la `commands.yml` sehemu ya `aliases` andika:

```
aliases:
  nyumbani:
  - home $1-
  uwanjani:
  - spawn $1-
```

Hapo `/nyumbani` na `/uwanjani` zitafanya kazi, na zile za asili zitabaki kwa waliozizoea.

Hatua ya 3: Amua mgeni anatua wapi, na anatazama wapi

Sehemu ya kuwatua wachezaji wapya inaweza kutofautiana na ya wengine. EssentialsX (pamoja na nyongeza yake ya spawn) ina nafasi inayoitwa `newbies` kwa kazi hiyo. Unasimama unapotaka na kuandika `/setspawn newbies`. Wengi huitumia kujenga ukumbi mkubwa wenye kanuni arobaini ukutani. Mimi ningejenga kibaraza kidogo kilichoinuka ukingoni mwa uwanja mkuu, ili jambo la kwanza mgeni kuona liwe mji wenyewe, na la pili liwe ngazi ya kushukia.

Mwelekeo wa macho ni jambo dogo lenye matokeo makubwa. Mtu akitua akiwa anatazama ukuta, atageuka ovyo na kuondoka kwa upande wowote. Akitua akitazama barabara, ataifuata. Unapoweka kituo kwa `/setwarp` au sehemu ya kutua kwa `/setspawn`, mwelekeo uliosimama nao ndio unaohifadhiwa, kwa hiyo simama sawasawa kabla ya kubonyeza. Kwenye amri ya `tp` unaongeza namba mbili mwishoni: ya kwanza ni upande (0 kusini, 90 magharibi, 180 kaskazini, -90 mashariki), ya pili ni kuinama au kuinua kichwa, nayo iache 0.

Halafu kuna suala la uoni. Seva ya Java ikiachwa ilivyo, `view-distance` (umbali ambao dunia inaonekana) ni 10, yaani chanki, au vipande vya dunia, 10 za bloku 16: bloku 160. Mnara wako uwe mrefu kugusa mawingu, mgeni aliye bloku 300 kutoka hapo haoni chochote. Na mwenye kompyuta dhaifu ameshapunguza uoni wake hadi bloku mia moja hivi. Kwa hiyo mnara mmoja mkubwa hautoshi kuongoza watu. Weka alama za wastani kila bloku mia moja kando ya barabara kuu, kila moja na umbo lake: tangi la maji, mti mkubwa wa kutengenezwa, lango lenye bendera nyekundu. Akifika moja aione inayofuata. Kazi hii inaonekana haihusu usafiri wa haraka, lakini bila alama hizo kila kituo utakachojenga kitakuwa chumba kinachoelea.

Hatua ya 4: Vituo vichache, tena visivyo mlangoni

Kwa siku ya kwanza mgeni anahitaji sehemu tatu: uwanja mkuu, mahali pa kuchukua vifaa vya ujenzi, na mtaa wa viwanja vipya. Kituo cha nne kisubiri.

Kituo usikibandike kwenye mlango wa jengo lenyewe. Kikae mwendo wa nusu dakika kutoka hapo, yaani bloku 100 au 130, kwenye makutano ya mitaa miwili. Kila kituo huvuta maduka, na mitaa isiyopitwa na mtu hufa. Ukimtua mgeni ndani ya soko, barabara ya soko itabaki na nyumba tupu. Ukimtua kwenye makutano, atapita mbele ya milango sita kabla ya kufika, na hao wenye milango watakushukuru.

Hatua ya 5: Chagua chombo kwa kila safari

Reli ndiyo ninayoipenda kwa wageni. Kigari hufikia bloku 8 kwa sekunde, karibu mara mbili ya kutembea, na abiria haongozi chochote; anakaa na kutazama. Ipitishe juu, bloku tano au sita kutoka ardhini, ikate katikati ya mji badala ya kuuzunguka. Kwenye tambarare reli moja ya dhahabu kwa kila bloku 38 inatosha kushikilia kasi, kwa hiyo njia ya bloku 600 inahitaji kama 16, na utaongeza kwenye miinuko na vituoni. Safari yake ni sekunde 75. Katika muda huo mgeni ameona soko, bandari na mtaa wake mpya kwa mpangilio uleule ambao siku moja ataupita kwa miguu.

Mtumbwi juu ya barafu ni mwingine kabisa: bloku 40 kwa sekunde kwenye barafu iliyoshindiliwa, na zaidi ya 70 kwenye ya buluu. Unavutia, lakini si wa mgeni. Lazima auongoze mwenyewe, anagonga kingo, na kwa kasi hiyo seva dhaifu inashindwa kumpakilia dunia mbele yake. Waachie wenyeji.

Malango ya Nether yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo yanayowasumbua watu. Bloku 1 ya Nether ni sawa na 8 za dunia ya kawaida. Safari ya bloku 1,200 inakuwa 150, nusu dakika ya kutembea na ziada kidogo, ukiongeza sekunde nne za kusubiri ndani ya kila lango. Fremu ndogo kabisa ni upana wa 4 kwa kimo cha 5, obsidiani 10 ukiacha kona wazi.

Tatizo huja mji ukiwa na malango mawili yaliyo karibu. Katika matoleo ya sasa, unapoingia Nether, mchezo hutafuta lango lililopo ndani ya bloku 16 za mahali ulipotakiwa kutokea; unaporudi, hutafuta ndani ya bloku 128. Lango la soko na lango la ofisi ya mji yakiwa bloku 100 mbali, upande wa Nether yanatofautiana kwa bloku 12 na nusu tu. Wa kwanza kupita atajengewa lango, wa pili ataangukia lango hilohilo, na akirudi atajikuta sokoni wakati alitokea ofisini. Mwenyeji atacheka. Mgeni atadhani amepoteza kila kitu.

Dawa yake ni kujenga upande wa Nether kwa mkono, mahali hasa panapotakiwa. Bonyeza F3 usome X na Z za lango la mjini, zigawe kwa 8, na ujenge pacha wake hapo. Lango la soko likiwa X 640, Z -320, pacha wake awe X 80, Z -40. Mchezo huchagua lango lililo karibu zaidi, kwa hiyo kila pacha akikaa mahali pake yanaweza kukaribiana bila kuchanganyana.

Njia ya kati ya mapacha hao iwe handaki lililofungwa pande zote. Mawe ya kawaida ya kokoto yanatosha, kwa kuwa moto wa ghast, kiumbe wa Nether anayerusha mipira ya moto, hauyavunji. Sakafu iwe ya nusu-bloku za upande wa chini ili viumbe visizaliwe ndani. Kama huna muda wa kufanya haya yote, usimpitishe mgeni Nether hata kidogo. Aliyetumbukia kwenye lava na vifaa vyake vya kwanza hatasikiliza hesabu zako za nane.

Kuhama papo hapo ndiko kwa mwisho, kwa safari zinazozidi dakika tatu, na kwa aliyeshafika huko.

Hatua ya 6: Kituo kifunguke kwa aliyekifikia

Katika mchezo wa World of Warcraft, ulipotoka mwaka 2004, mnyama wa kubeba abiria angani hakukupeleka kituo ambacho hukuwa umekigundua. Wazo hilo linafaa sana mjini, na unaweza kulitekeleza kwa bloku za amri (bloku zinazotekeleza amri zikiwashwa) peke yake. Hakikisha `enable-command-block=true` ipo kwenye `server.properties`, au umeruhusu bloku za amri kwa njia inayotumika kwenye toleo lako.

Kwenye kituo cha soko weka kibao cha kukanyaga mahali ambapo kila anayefika lazima apite, na chini yake bloku ya amri yenye:

`tag @p add soko`

Aliyekanyaga ameshapewa lebo. Kwenye uwanja mkuu jenga kichumba chenye kitufe, na nyuma ya kitufe bloku ya amri:

`minecraft:tp @p[tag=soko,distance=..2] 640 70 -320 180 0`

Nimeandika `minecraft:tp` kwa makusudi, isije ikagongana na amri ya programu-jalizi yenye jina hilohilo. Weka ya pili kando yake, inayowashwa na kitufe kilekile, kwa ajili ya ambaye hajafika:

`title @p[tag=!soko,distance=..2] actionbar "Soko: fika kwanza kwa miguu au kwa reli"`

Bila ujumbe huo, mgeni atabonyeza kitufe mara ishirini na kuripoti kwamba kimeharibika. Namba 70 ibadilishe iwe kimo cha sakafu yako halisi. Mtu akitokea bloku nne juu ya sakafu anaumia, akitokea ndani yake anakwama ukutani.

Kichumba kiwe cha mtu mmoja. Amri hii inamchagua aliye karibu mwenye lebo, hivyo wawili wakibanana na mbonyezaji hana lebo, jirani yake ndiye atakayejikuta sokoni. Ukitumia vituo vya EssentialsX badala ya bloku za amri, washa `per-warp-permission` na utoe ruhusa ya kila kituo peke yake, kama `essentials.warps.soko`.

Upande wa kufikia, chumba kidogo chenye paa ni bora kuliko uwanja wazi. Dunia ya nje hupata muda wa kupakia kabla hajatoka mlangoni, na haoni mashimo meupe ambako nyumba hazijajitokeza.

Hatua ya 7: Ramani na alama

Mwaka 1933 London ilitoa kwa umma ramani ya treni za chini ya ardhi iliyochorwa na Harry Beck. Alinyoosha njia zote kuwa mistari ya wima, mlalo na mshazari, na hakujali umbali halisi wa juu ya ardhi, kwa sababu aliye ndani ya treni anataka kujua kituo kinachofuata na mahali pa kubadilisha. Ramani ya reli yako iwe hivyohivyo: mistari ya sufu za rangi ukutani, kituo kimoja nukta moja.

Metro ya Mexico City, iliyofunguliwa 1969, iliipa kila stesheni picha yake, kazi ya Lance Wyman, na hata asiyejua kusoma aliweza kusafiri. Seva yenye watu wa lugha tano ina hitaji lilelile. Bendera za Minecraft zinatosha: samaki kwa bandari, shoka kwa ghala la vifaa. Picha hiyo ionekane kwenye kitufe, kwenye ramani na juu ya kituo chenyewe, bila kubadilika hata rangi.

Ramani ya kweli nayo iwepo uwanjani, ndani ya fremu. Ramani ya kwanza inaonyesha bloku 128 kwa 128. Ukiipanua mara tatu inafika 1,024, na mji mwingi unaenea humo. Ikiwa kwenye fremu, mchezo wenyewe unaweka alama ya kijani mahali fremu ilipo, na hiyo ndiyo "upo hapa" isiyohitaji kuandikwa. Bendera uliyoipa jina kwenye fuawe, ukiigusa na ramani mkononi, jina lake linatokea kwenye ramani.

Hatua ya 8: Bei na kusubiri

Kwa mgeni, bure. Anayeanza hana sarafu za kupoteza, na akiogopa gharama hatatembelea chochote. Kwa wenyeji, toza kidogo au weka muda wa kusubiri kwa `teleport-cooldown`, la sivyo hakuna atakayepanda reli uliyoihangaikia. Msamaha wa mgeni usikatike ghafla. Mwambie kwenye skrini siku moja kabla.

Hatua ya 9: Mtazame mgeni akicheza, nawe unyamaze

Mwalike mtu asiyeijua seva yako. Kaa kwenye hali ya utazamaji, usiandike neno kwenye chati. Shika saa tangu anapotua hadi anapoweka bloku ya kwanza kwenye kiwanja chake. Ikizidi dakika tano hivi, kuna mahali amekwama, na ulipaona. Angalia anaposimama na kuzungusha kichwa kushoto na kulia. Kila anaposimama hivyo panahitaji kibao au alama, si kituo kipya.

Kisha mpe jaribio la pili. Mchukue hadi kwenye kiwanja chake, umwombe afike sokoni bila amri wala kitufe. Akifika, funguo za vituo zinafanya kazi yake. Akishindwa, rudi Hatua ya 3 uhesabu alama zako za njiani, na kabla ya hapo usifungue kituo cha nne.